Kazi ya Mwombaji

Mafundi wa mji ule walimwita Mama Timazi, na jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Alipewa na msimamizi mmoja wa ujenzi, bwana mwenye tumbo kubwa na sauti kubwa zaidi, siku alipomwona mwanamke ananing'iniza timazi pembeni mwa ukuta uliojengwa na wanaume wanne. Timazi ni uzi tu wenye kipande cha chuma mwishoni, lakini haujui kumwonea mtu haya. Mama alitazama uzi, akatazama ukuta, kisha akasema mbele ya watu kwamba ukuta umelala. Msimamizi alicheka mpaka akashika mbavu. Wiki ile ile mhandisi akaamuru ukuta uvunjwe, na jina la kejeli likageuka kuwa cheo.

Alipoianza kazi hiyo alikuwa mjane wa mwaka mmoja, ana binti wa miaka mitatu, na kila mtu alikuwa na ushauri wa bure. Wengine walimwambia afue nguo za watu, wengine walimwambia aolewe tena haraka kabla uso haujakunjamana. Yeye akaenda kubeba tofali. Kutoka kubeba tofali akahamia kukoroga mchanga na saruji, kutoka kukoroga akashika mwiko, na tangu alipoushika mwiko hajatokea mtu wa kumpokonya. Miaka thelathini na moja sasa. Amejenga madarasa, maduka, zahanati, na vyoo vya mahakama ambavyo anasema vimenyooka kuliko hukumu zinazotolewa mle ndani.

Mwanamke wa namna hiyo ndiye aliyejikuta, asubuhi moja ya Jumatatu, ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya Bwana Stempu, akiulizwa kama amewahi kushiriki katika ugaidi.

Bwana Stempu alikuwa na meza yake ndani ya duka la vifaa vya ofisi, kati ya mashine ya kutoa nakala na rafu ya madaftari. Kazi yake ilikuwa kuwajazia watu fomu za viza, maana fomu zenyewe zilikuwa kwenye mtandao, tena kwa lugha ya wenyewe. Alivaa tai hata siku za joto. Aliwasomea watu maswali kwa Kiswahili, wakajibu, naye akaandika kwa lugha ile nyingine kwa vidole viwili, haraka kama kuku anayedonoa.

"Hapana," alijibu Mama Timazi. "Sina nafasi."

"Mama, jibu ndiyo au hapana tu. Je, unakusudia kufanya biashara ya dawa za kulevya ukiwa huko?"

"Kwani yupo aliyewahi kusema ndiyo?"

"Ndiyo au hapana, mama yangu."

"Hapana! Nakwenda kwa mwanangu. Andika hilo. Hawajauliza nakwenda kufanya nini?"

Waliuliza, tena mara tatu, kwa njia tatu tofauti, na kila mara alijibu lile lile. Binti yake wa pekee alikuwa huko mwaka wa saba, ameolewa huko, na sasa alikuwa na mimba ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka. Safari hii daktari alikuwa amemwamuru alale kitandani mpaka siku yake, na siku yake ilikuwa imebaki wiki saba. Mumewe alishinda kazini. Wakwe zake walikuwa mji ule ule lakini walikuja Jumamosi kwa Jumamosi, kama wageni. Wiki mbili kabla, binti alikuwa amepiga simu akiwa amelala chali, sauti imekauka.

"Mama, njoo," alisema. "Ya kwanza ulinipa pole kwenye simu. Ya pili ukanipa pole kwenye simu. Safari hii sitaki pole ya simu."

Mama Timazi hakuwa mtu wa kulialia. Aliiweka simu mezani, akaenda uani, akakaa huko kwa muda ambao hakumwambia mtu. Aliporudi alikuwa amekata kauli. Atakwenda, hata kama ni kuomba ruhusa ya watu wasiomjua ili akamshike mkono mtoto aliyemzaa mwenyewe. Hilo la kuomba ruhusa lilimkera mpaka kwenye mifupa, lakini alilimeza.

Bwana Stempu alimaliza kudonoa, akachapa karatasi kumi na moja, akamwonyesha pa kutia sahihi. Alitia. Hakusoma, maana hakuijua lugha ile, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Kituo cha viza kilikuwa kwenye jengo la vioo, ghorofa ya pili, na ndani kulikuwa na baridi ya mashine. Watu walikaa kwenye mistari ya viti, kila mmoja ameikumbatia bahasha yake kama mtu aliyebeba yai. Mama Timazi alitazama vigae vya sakafuni, akaona viwili vimepandiana kidogo karibu na mlango, akasikitika kimoyomoyo. Namba yake ilipoitwa akaingia kwenye kijumba kidogo kilichokuwa na dada mmoja mpole, kamera, na kioo cha kijani kilichowaka.

"Weka vidole vinne hapa, mama. Bonyeza kidogo."

Akabonyeza. Mashine ikalia.

"Tena."

Ikalia tena. Dada akampa kitambaa chenye majimaji, akafuta, akabonyeza. Ikalia. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, gumba moja moja, mashine haikuona kitu. Dada akamshika mkono, akaugeuza, akausogeza kwenye taa. Vile vimistari ambavyo kila mtu anavyo kwenye ncha za vidole havikuwapo. Ngozi ilikuwa imesuguliwa, inang'aa, ngumu kama kisigino.

"Mama, umevifanya nini vidole vyako?"

"Nimejengea."

Dada hakuandika hilo. Labda hakusikia, labda hapakuwa na nafasi ya kuliandika. Alichosema ni kwamba kuna utaratibu: aende, vidole vipumzike wiki tatu, avipake mafuta asubuhi na jioni, asiguse saruji, sabuni kali wala chokaa, kisha arudi. Siku hiyo ya kurudi ataonana na ofisa moja kwa moja. Mistari ya vidole huota upya ikiachwa, alisema.

Wiki tatu! Mama Timazi alihesabu njiani. Wiki moja imekwenda, tatu zinakwenda, zinabaki tatu. Mtoto hangoji foleni.

Wakati huo alikuwa na nyumba ya vyumba vinne mkononi, kuta zimefika usawa wa madirisha. Hakuwa na la kufanya ila kumwachia shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, ambaye alikuwa fundi naye, fundi wa hivi hivi tu. Shemeji alikuwa mtu mwema, mcheshi, na mikono yake ilikuwa miepesi. Ila alipenda kuongea huku anajenga, na ukuta wake ulifuata maongezi.

Basi kila asubuhi Mama Timazi alikwenda kazini kama kawaida, akageuza ndoo, akaikalia katikati ya uwanja, mikono imepakwa mafuta mazito na kutiwa ndani ya soksi mbili za pamba. Wapita njia walimwona wakadhani mgonjwa. Wenye mradi walikuja wakaona fundi wao amevaa soksi mikononi, wakanong'onezana.

"Shemeji," aliita siku ya tano, "mstari wa nne kutoka juu. Tofali la tatu limetoka nje."

"Halijatoka, shemeji."

"Limetoka."

Shemeji akachukua timazi, akaining'iniza, akatazama. Akaling'oa tofali.

"Sasa wewe umeonaje kutoka huko kwenye ndoo?"

"Nimekaa bure hapa, nifanye nini zaidi ya kuona?"

Alicheka, lakini moyoni alikuwa anaungua. Kukaa ndiko kulikomchosha, kuliko mifuko yote ya saruji aliyowahi kubeba. Mara mbili alijikuta amesimama na mkono mmoja umeshatoka kwenye soksi, umeuelekea mwiko, na mara zote mbili alijirudisha kwenye ndoo kwa kujitukana. Jioni alivua soksi akatazama ncha za vidole chini ya taa ya jikoni. Mistari ilikuwa inarudi kweli, myembamba. Alipaswa kufurahi, na alifurahi, kwa sababu ya mwanawe. Lakini ilimuudhi kwamba ili aruhusiwe kuwa mama ilibidi kwanza aache kuwa fundi.

Siku ya kurudi, Bwana Stempu alimsubiri mlangoni mwa jengo la vioo, tai imemkaba.

"Sikiliza, mama. Wakikuuliza habari ya vidole, sema uliungua. Mafuta ya kukaangia yalikumwagikia jikoni. Sawa?"

"Niliungua lini?"

"Mama, nakuomba. Sema uliungua. Mimi nazijua hizi habari."

Hakuwa na muda wa kumhoji, namba zilikuwa zinaitwa. Kwenye kijumba, mashine ilikubali vidole vinane. Yale magumba mawili, ambayo kwa miaka thelathini na moja yalifuta udongo wa saruji kwenye kona za tofali, yalikataa katakata. Dada mpole akampa pole, akamwelekeza kwenye dirisha namba sita.

Nyuma ya kioo cha dirisha namba sita aliketi ofisa, mwanamume wa makamo, mgeni, aliyejifunza Kiswahili darasani na kukishika vizuri. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu aliyechoka kudanganywa, na Mama Timazi alimwelewa mara moja, maana naye amefanya kazi na wauza mchanga.

"Mama, naona vidole vyako vina tatizo. Magumba hayasomeki kabisa, na vidole vingine vinasomeka kidogo. Wapo watu wanaofuta alama za vidole kwa makusudi, kwa dawa. Je, wewe ulifanya hivyo?"

"Sikufanya hivyo. Ni kazi."

Ofisa akatazama karatasi, akamtazama yeye.

"Kazi gani? Hapa, kwenye kazi ya mwombaji, imeandikwa wewe ni mama wa nyumbani."

Mama Timazi alifikiri amesikia vibaya. "Imeandikwaje?"

"Mama wa nyumbani. Na hapa chini ni sahihi yako."

Ilikuwa sahihi yake kweli, ile ya herufi kubwa anayoiweka kwenye mikataba. Damu ilimpanda. Akageuka kumtafuta Bwana Stempu na tai yake, lakini watu wa namna ile hawaruhusiwi kuingia ndani. Sasa aliielewa ile habari ya mafuta ya kukaangia. Mwongo alikuwa ameshachimba shimo, na alitaka yeye alifukie.

"Kama uliungua jikoni," ofisa alisema polepole, bila ubaya, "lete barua ya daktari, tutaendelea. Watu wengi wanaungua."

Mlango ulikuwa umefunguliwa. Barua ya daktari si kitu kigumu kupata, na Bwana Stempu bila shaka angemjua daktari. Mwanawe amelala chali, wiki zimebaki tatu. Neno moja tu, ndiyo, na mambo yamekwisha.

"Aliyenijazia fomu ameandika uongo," alisema. "Mimi sikuungua. Mimi ni fundi mwashi."

Ofisa alifunua karatasi nyingine, akaibandika kwenye kioo ili aione. Ilikuwa barua ya mwaliko, na chini yake palikuwa na mwandiko ambao Mama Timazi angeutambua hata gizani, kwa sababu ndiye aliyelipia daftari la kwanza ulimoanzia.

"Hii ni barua ya binti yako. Naye ameandika hivyo hivyo. Anasema: mama yangu ni mama wa nyumbani, hajawahi kufanya kazi. Sasa nimwamini nani? Binti yako hakujui?"

Pale ndipo alipoumia. Stempu ni Stempu, angemshughulikia. Lakini huyu alikuwa ameshinda utoto wake wote kwenye vivuli vya kuta ambazo hazijakauka, amelala kwenye mifuko mitupu ya saruji, ameandikishwa shule kwa vidole vya mama yake vilivyopasuka. Hajawahi kufanya kazi! Mama Timazi alitazama mwandiko ule mzuri, ulionyooka. Hatalia mbele ya kioo.

"Ananijua," alisema. "Mwanangu ameandika anachotamani. Anayesafiri ni mimi."

"Mama, nikibadilisha hapa, nitalazimika kuandika kwamba taarifa ya kwanza haikuwa ya kweli. Hilo linaweza kukunyima viza. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Unaweza kukosa kuzaliwa kwa mjukuu wako kwa sababu ya neno moja."

"Si neno moja, baba. Ni miaka thelathini na moja. Ukinikatalia, nikatalie mimi. Usimkatalie wala kumkubalia huyo mama wa nyumbani, maana simjui. Andika fundi mwashi. Andika na vidole vimekwisha kwa kazi, na kama kuna mahali pa kuandika kwamba sina aibu, andika na hilo."

Hakupandisha sauti, lakini watu wa dirisha namba tano waligeuka kutazama. Ofisa aliinamisha kichwa, akapiga mstari juu ya maneno yale, akaandika mengine, akampitishia karatasi chini ya kioo atie sahihi. Safari hii Mama Timazi alimwambia amsomee kwanza, neno kwa neno, mpaka mwisho. Ofisa akasoma. Alipomaliza aliuliza swali moja tu zaidi, lile wanalowauliza wote: nini kitamrudisha?

"Nyumba ya watu, vyumba vinne," alijibu. "Iko mikononi mwa shemeji yangu. Ungemjua shemeji yangu usingeuliza."

Ofisa alikohoa, na kile kikohozi kilikuwa na kicheko ndani yake, ila hakuahidi kitu. Alisema watampigia.

Bwana Stempu alipoambiwa yaliyotokea alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Alimfuata barabarani akilalamika kwamba amejimwagia unga mwenyewe, kwamba mwanamke mjenzi hakuna anayemwamini, kwamba watasema anakwenda kutafuta kibarua, kwamba mama wa nyumbani ndiye anayepewa, ndivyo ilivyo, yeye hakuiumba dunia. Na kisha akasema la kweli: "Binti yako mwenyewe alinipigia. Alisema niandike hivyo."

Mama Timazi akasimama. "Siku gani?"

"Kabla hujaja kwangu."

"Basi wewe na yeye mlikuwa na kikao juu yangu, na mimi sikualikwa." Akampita. "Nenda kavue hiyo tai upate hewa."

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile nyumba ya vyumba vinne, akatupa soksi kwenye takataka, akachota udongo wa saruji kwa mwiko, akaweka tofali. Shemeji alitoa macho.

"Shemeji, vidole! Je, wakikuita tena?"

"Wakiniita tena watavikuta kazini."

Siku nane zilipita. Binti alipiga simu mara nne, naye alipokea, akauliza habari ya mgongo, ya miguu kuvimba, ya mtoto kucheza tumboni. Lile jambo lingine hakuligusa. Mwanamke aliyelala chali kwa amri ya daktari hagombezwi, hata kama anastahili, na Mama Timazi alilibeba peke yake siku zote nane, akipanga tofali kwa hasira mpaka Shemeji akashindwa kwenda naye sambamba.

Siku ya tisa alikwenda kuchukua pasipoti. Walimpa ndani ya bahasha iliyofungwa, na hakuifungulia mle ndani. Alitoka, akaketi kwenye ngazi za nje kati ya watu waliokuwa wanapanda na kushuka, akaichana. Viza ilikuwapo. Miezi mitatu, na picha yake, amenuna.

Hapo alilia kidogo, kwa kuwa alikuwa amelipia haki hiyo. Kisha akapiga simu. Binti alipiga kelele za furaha mpaka mama yake akalazimika kumkumbusha kwamba ametakiwa kulala. Akamwacha afurahi. Akamwacha amwulize tarehe, amwambie habari ya baridi, amwambie avae nini. Sasa hapakuwa na cha kuogopa tena.

"Mwanangu," alisema, "niliiona barua yako."

"Mama, niliogopa watakunyima."

"Hilo nusu. Nusu nyingine?"

Sauti ya binti sasa ilikuwa ya yule mtoto wa miaka mitatu. "Wakwe zangu niliwaambia hivyo tangu siku ya kwanza. Kwao wanawake hawafanyi kazi. Nilikuwa mgeni, mama. Nilitaka tu wanione niko kama wao. Halafu miaka ikapita, nikashindwa kurudi nyuma."

"Sitagomba na wewe. Utazaa kwanza. Lakini mimi sitashuka kwenye ndege nimevaa mtu mwingine. Nitamshika mtoto wako kwa mikono hii hii, na watu wataiona. Kabla sijafika, wawe wanajua ni ya nani. Ukishindwa kuwaambia, nitawaambia mwenyewe mlangoni, na unajua nitakavyowaambia."

"Najua," alisema binti, na kicheko kilimponyoka katikati ya machozi.

Ilikuwa Jumamosi, siku ya wakwe. Mama Timazi alisikia simu ikiwekwa juu ya shuka bila kukatwa, kitanda kikilia, mtu akijiinua aliyekatazwa kujiinua. Alisikia sauti za wazee chumbani, vikombe, mtu akiuliza kuna nini. Kisha akamsikia mwanawe anazungumza lugha ile ya fomu, ambayo yeye hakuielewa hata neno. Sauti ilianza chini, ikakwama, ikaanza tena. Mtu mmoja, mwanamke, aliuliza kitu.

Binti akarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Na kama vile lugha ya watu ilimwishia, au hakutaka kuitumia kwa hilo, akamalizia kwa Kiswahili, mbele yao wote: "Mwashi. Mama yangu ni fundi mwashi. Alinisomesha kwa tofali."